Maisha ya Bruce Lee na Funzo Lililonilaza Hospitalini

Mimi ni buheri wa afya, na nikisema hivyo sisemi kwa mazoea tu, kwa sababu muhula wa pili mwaka jana sikuwa. Nililazwa hospitalini siku nne nikiwa nimetundikiwa maji, na kilichonipeleka huko ni kumwiga mtu aliyefariki mwaka wa 1973, wakati hata mama yangu hajazaliwa. Mtu huyo ni Bruce Lee. Kosa halikuwa lake, lilikuwa langu. Niliijua picha yake lakini maisha yake sikuyajua. Ndiyo maana mwalimu mlezi wa Chama cha Kiswahili alipotuomba tuandike habari za watu mashuhuri waliotangulia mbele ya haki, wenzangu wakakimbilia marais na washairi, mimi nikasema nitaandika habari za huyu.

Kwanza nikueleze tulivyokutana, mimi na picha yake. Mimi ni mrefu na mwembamba, shati la shule linanipwaya mwilini kama nguo iliyoanikwa kwenye mti. Tangu kidato cha kwanza naitwa Njiti. Kinyozi wa mtaani kwetu amebandika ukutani picha ya Bruce Lee akiwa kifua wazi. Kila mwisho wa mwezi nikienda kunyolewa nilikuwa naitazama hadi kinyozi ananiambia nituliza kichwa. Jamaa huyo hakuwa pandikizi la mtu. Hakuwa na mikono minene kama ya wale wabeba magunia kule sokoni. Alikuwa mwembamba, lakini kila msuli wake ulionekana umesimama peke yake kana kwamba umechorwa kwa penseli, na tumbo lilikuwa limepangika kama matofali. Nikajiambia, kumbe hata njiti inaweza kuwa na misuli! Mjomba wangu naye alikuwa na kanda zake za zamani, tukazitazama zote likizo moja. Basi, nikawa nimenaswa kama samaki.

Wahenga walisema usione vyaelea, vimeundwa. Hebu tuone chombo hiki kiliundwaje.

Bruce Lee alizaliwa tarehe 27 Novemba 1940 mjini San Francisco, Marekani, katika mtaa wa Wachina. Kwa hesabu za Wachina huo ulikuwa mwaka wa joka. Babake, Lee Hoi-chuen, alikuwa mwimbaji na mwigizaji wa michezo ya jukwaani ya Kichina, na wakati huo alikuwa ziarani Marekani pamoja na kikundi chake. Jina la Kichina alilopewa mtoto ni Lee Jun-fan. Hakuwa ametimiza hata mwaka mmoja wazazi wakarudi naye Hong Kong, ambayo wakati huo ilitawaliwa na Waingereza kama ilivyotawaliwa Kenya yetu. Mwezi wa Desemba 1941 majeshi ya Japani yakaiteka Hong Kong, na yakakaa huko hadi 1945. Miaka hiyo ilikuwa ya njaa na maradhi.

Ukiangalia ile picha ya kinyozi utadhani mtu huyo alizaliwa akiwa chuma cha pua. La hasha! Alikuwa mtoto mdogo wa mwili, dhaifu, wa kuuguaugua. Macho yake hayakuona mbali, ikabidi avae miwani. Miguu yake haikuwa na urefu sawa. Hata alipokuwa mtu mzima nchini Marekani, mwaka wa 1963, alipimwa afya ili aingizwe jeshini na akakataliwa. Nyumbani walimbandika jina la utani ambalo maana yake ni mtu asiyeweza kutulia. Nilipolisoma jambo hilo nilicheka, nikajua kwamba si mimi peke yangu niliyebebeshwa jina.

Kwa kuwa babake alikuwa msanii, mtoto aliingia katika filamu mapema. Mwaka wa 1950, akiwa na miaka 9, aliigiza katika filamu iliyompa jina kubwa, na kule kwao akajulikana kwa jina la kisanii lenye maana ya Joka Dogo. Alipofika miaka 18 alikuwa ameonekana katika filamu zipatazo 20. Masomoni hakuwa moto wa kuotea mbali. Alipigana barabarani na vijana wa mitaa mingine hadi akahamishwa shule. Alipokuwa na umri wa karibu miaka 13 alianza kujifunza kung fu ya mtindo wa Wing Chun kwa mwalimu Ip Man. Vilevile alipenda dansi. Mwaka wa 1958 alikuwa bingwa wa dansi ya cha-cha wa Hong Kong, na mwaka huohuo akashinda mashindano ya ndondi ya shule. Nawaomba wale wanaocheka wavulana wa kikundi cha ngoma wakumbuke hilo. Wepesi wa miguu uliokuja kuwashangaza walimwengu kwenye filamu ulianza kwenye ukumbi wa dansi.

Mwaka wa 1959 wazazi wake waliona kwamba ugomvi wa barabarani utamtia mtoto wao mashakani. Wakampandisha meli kwenda Marekani alikozaliwa, akiwa na dola 100 mfukoni. Alikuwa na miaka 18. Alifika San Francisco, kisha akaenda mji wa Seattle ambako alikuwa mhudumu katika mkahawa wa Bi. Ruby Chow, rafiki wa familia yao, na palepale ndipo alipopata mahali pa kulala. Alisoma, akamaliza shule, na mwaka wa 1961 akaingia Chuo Kikuu cha Washington. Aliwafundisha vijana wenzake kung fu bila kujali rangi zao, jambo ambalo baadhi ya Wachina wa wakati huo hawakulipenda. Katika wanafunzi wake alikuwamo msichana aitwaye Linda Emery, na mwezi wa Agosti 1964 wakafunga ndoa. Walijaliwa watoto wawili, Brandon na Shannon.

Mwezi huohuo wa Agosti 1964 alialikwa kwenye mashindano makubwa ya karate huko Long Beach, California. Mbele ya umati wa watu alipiga pushapu kwa mkono mmoja, tena si kwa kiganja bali kwa vidole viwili tu, gumba na kidole cha shahada. Kisha akaonyesha ile ngumi yake ya inchi moja. Ngumi ilianzia karibu kabisa na kifua cha mtu, na bado mtu huyo akarushwa nyuma hadi kwenye kiti kilichomngojea. Walioona walibaki vinywa wazi.

Lakini jambo lililobadilisha mwili wake halikuwa sifa, lilikuwa aibu ya moyoni. Mwishoni mwa 1964, mjini Oakland, alipigana faraghani na mwalimu mwingine wa kung fu, Wong Jack Man. Waliokuwepo hawakubaliani hadi leo jinsi pambano lilivyokwenda. Bruce alijihesabu mshindi, lakini hakufurahi hata kidogo. Pambano lilichukua kama dakika tatu, na lilipomalizika alikuwa anahema kama mbwa aliyekimbizana na sungura. Alijiona kwamba ufundi anao lakini mwili haumtoshi. Wewe fikiria, mtu anashinda halafu anarudi nyumbani akiwa na masikitiko kwa sababu pumzi zilimwishia! Wengine wetu tukipata alama 51 tunasherehekea.

Tangu hapo alianza kuujenga mwili kama fundi anayejenga nyumba. Alikimbia maili kadhaa, akaruka kamba, akaendesha baiskeli isiyokwenda popote. Tumbo alilifanyia kazi karibu kila siku kwa kulala chali na kuinuka, kuinua miguu, na kuning'inia kwenye chuma huku akipandisha magoti. Kuna zoezi moja linalohusishwa sana na jina lake: mtu hulala kwenye benchi, hushika ukingo wake nyuma ya kichwa, kisha huinua mwili wote ukiwa umenyooka kama ubao, mabega pekee yakibaki chini. Mimi nimelijaribu na nikaangusha benchi. Alisoma pia habari za mwanamieleka mkuu wa Bara Hindi, Gama, aliyefariki mwaka wa 1960. Gama alijenga mwili wake kwa kuchuchumaa na kuinuka maelfu ya mara kwa siku, na kwa pushapu za kujivuta mbele kama paka anayejinyoosha. Bruce alizichukua baadhi ya mbinu hizo. Vyuma vizito alivitumia pia, lakini hakutaka misuli minene ya kumfanya mzito. Alikuwa na urefu wa kama mita 1.72 na uzito wa kilo 64 hivi. Kila alichofanya alikiandika katika daftari: zoezi gani, mara ngapi, siku gani.

Hapo, msomaji, ndipo hadithi niliyoijua mimi ilipoishia. Nilijua Bruce Lee alifanya mazoezi makali na nilijua Gama alichuchumaa maelfu ya mara. Hayo yakanitosha. Ama kweli elimu nusu ni hatari.

Siku moja wakati wa michezo kijana mmoja wa darasa letu aliniambia eti Njiti hawezi kuchuchumaa hata mara 100. Wenzangu wakakusanyika. Sikuwa nimefanya zoezi la maana kwa wiki nyingi, maana tulikuwa tumetoka kwenye mitihani. Jua lilikuwa la utosi na sikuwa nimekunywa maji. Nikaanza. Nilifika 100 wakapiga makofi. Nilifika 200 wakaanza kuimba jina langu. Miguu ilikuwa inatetemeka kama ya ndama aliyezaliwa leo, lakini nilijikaza kisabuni hadi nikafika 500. Siku hiyo nilitembea kwenda nyumbani nikijiona mfalme.

Asubuhi yake sikuweza kushuka kitandani. Siku ya pili mapaja yalikuwa yamefura na kukaza kama ngoma, na nilipoenda haja ndogo nilitoa mkojo wenye rangi ya strungi. Nilinyamaza kwa sababu ya kuogopa. Jioni mama akanikamata uso, akaniuliza, nikasema ukweli. Tulipanda matatu usiku uleule. Daktari alinieleza kwamba nilipoilazimisha misuli kupita kiasi, chembechembe zake zilipasuka na vitu vilivyokuwa ndani vikamwagika kwenye damu. Vitu hivyo vikiwa vingi huweza kuharibu figo. Ile rangi ya strungi ilikuwa ni misuli yangu mwenyewe niliyokuwa nikiikojoa. Alisema kama ningekaa siku mbili zaidi nyumbani nikiona haya, pengine ningekuwa naongea habari nyingine, ya mashine ya kusafisha damu.

Gharama zililipwa na pesa ambazo mama alikuwa amepokea kwenye chama chao cha akina mama. Zamu yake ilikuwa imefika baada ya kungoja miezi 11, na pesa hizo zilikuwa za karo yangu na ya dadangu. Hakunigombeza hata siku moja. Heri angenigombeza.

Nikiwa kitandani mjomba alinitembelea akaniletea kitabu chakavu cha maisha ya Bruce Lee. Nadhani alitaka kunichekesha. Hapo ndipo nilipokutana na mwaka wa 1970, na nilipoufikia nilifunga kitabu nikatazama dari.

Mwaka huo wa 1970 Bruce Lee alikuwa na miaka 29. Alikuwa ameshaigiza nchini Marekani katika mfululizo wa televisheni wa The Green Hornet, mwaka wa 1966 na 1967, na alikuwa akiwafundisha waigizaji wakubwa kama Steve McQueen na James Coburn. Asubuhi moja aliweka chuma mabegani chenye uzito wa karibu kilo 61, yaani karibu sawa na uzito wake mwenyewe, akainama mbele na kuinuka. Alikuwa amelifanya zoezi hilo mara nyingi. Siku hiyo hakupasha mwili moto kwanza. Mgongo ukaumia, mshipa wa fahamu wa sehemu ya chini ukadhurika. Madaktari walimwambia apumzike kitandani, na kwamba asahau kurusha mateke maishani mwake.

Fikiria mtu ambaye kazi yake, jina lake na chakula cha watoto wake vyote viko kwenye mateke. Alikuwa na mke na watoto wawili wadogo, na Shannon alikuwa na mwaka mmoja tu. Pesa zilikuwa haba, ikabidi Linda atafute kazi ili nyumba isimame. Mtu mwenye misuli iliyochorwa kwa penseli akawa hawezi kujiinua bila maumivu. Basi mimi niliyelala pale na sindano mkononi, nikikumbuka pesa za chama, nilijua kidogo alivyojisikia.

Lakini huyu mtu aliyeitwa asiyetulia, safari hii alitulia. Alikaa kitandani miezi kadhaa. Kwa kuwa mwili ulikataa kufanya kazi, alifanya kazi kwa kalamu. Alisoma na kuandika mambo mengi kuhusu mapigano na mazoezi, na baadhi ya maandishi hayo yalitolewa kuwa kitabu mwaka wa 1975, baada ya kifo chake. Baadaye akaanza mazoezi upya, polepole, akianza na mepesi na kuongeza kidogo kidogo. Madaktari walisema hatarusha teke. Yeye alirusha, ingawa maumivu ya mgongo hayakumwacha kabisa hadi mwisho.

Sasa sikiliza ajabu hii. Filamu zote kubwa tunazomjulia alizitengeneza baada ya jeraha hilo. Mwaka wa 1971 alikwenda Thailand kuigiza The Big Boss, ambayo ilivunja rekodi ya mapato huko Hong Kong. Mwaka wa 1972 ikafuata Fist of Fury, kisha Way of the Dragon ambayo aliiandika na kuiongoza mwenyewe. Katika hiyo ya mwisho anapigana na Chuck Norris kwenye uwanja wa kale wa Colosseum mjini Roma. Kabla ya pambano utamwona akijinyoosha na kupasha mwili moto, akitanua mgongo hadi unafanana na mbawa. Zamani mimi nilikuwa napeleka kanda mbele ili nifikie ngumi. Siku hizi naitazama sehemu hiyo kwa makini, kwa sababu najua alichokilipia.

Mwaka wa 1973 aliigiza Enter the Dragon, iliyomfanya ajulikane duniani kote, lakini hakuwahi kuiona ikionyeshwa Marekani. Tarehe 10 Mei 1973 alizirai akiwa katika chumba cha kurekodia sauti chenye joto kali, na madaktari wakagundua ubongo wake umevimba. Alipona, akaendelea na kazi. Uzito wake ulikuwa umepungua sana. Tarehe 20 Julai 1973 alimeza dawa ya kutuliza maumivu ya kichwa akiwa Hong Kong, akalala na hakuamka tena. Ubongo ulikuwa umevimba mara ya pili. Alikuwa na miaka 32 tu. Uchunguzi wa wakati ule ulielekeza lawama kwenye dawa hiyo. Baadaye wengine wametaja joto kali, na mwaka wa 2022 kuna madaktari wa figo walioandika kwamba huenda mwili wake ulizidiwa na maji kuliko figo zilivyoweza kutoa. Alizikwa Seattle, mji aliowahi kuwa mhudumu wa mkahawa. Mwaka wa 2005 alijengewa sanamu Hong Kong, na nyingine ikasimamishwa mbali kabisa huko Mostar, Bosnia, mji uliogawanywa na vita. Watu wa pande zote waliona kwamba huyo angalau wote wanampenda.

Msomaji, wengi hupenda kubishana alikufaje. Mimi nataka tuongee alivyoishi, hasa tulio na hamu ya misuli.

Nilipotoka hospitalini nilikatazwa mazoezi kwa wiki nyingi, nikapimwa damu tena, na daktari akaniruhusu nianze polepole. Nilimwendea mwalimu wetu wa michezo nikamweleza yote. Yeye alinifundisha kwamba ukali wa zoezi si idadi peke yake. Mtu asiye na vyuma anaweza kulifanya zoezi liwe gumu kwa kubadilisha mkao. Anza kwa kusukuma ukuta ukiwa umesimama. Ukiweza mara 12 bila kupinda mgongo, mara tatu na mapumziko katikati, nenda kwenye dawati. Ukiliweza dawati, shuka sakafuni. Ukiiweza sakafu, weka miguu juu ya benchi. Ile pushapu ya vidole viwili ya Bruce Lee ilikuwa ngazi ya juu kabisa ya ngazi hizohizo, na hakuna aliyeiruka ngazi ya kwanza. Shuka polepole ukihesabu hadi tatu, maana ukishuka kwa kujiangusha ni ardhi inayofanya kazi, si wewe.

Tena alinieleza kwamba misuli haikui wakati unapofanya zoezi. Zoezi huichokoza tu. Hukua ukiwa umelala na ukiwa umekula. Kwa hiyo nafanya siku tatu kwa wiki na siku zinazobaki napumzika. Kuhusu ile michoro ya penseli, alisema inaonekana pale misuli inapokuwepo na mafuta juu yake yanapokuwa machache. Sisi wembamba mafuta hatuna, tunakosa misuli, basi kazi yetu ni kula. Bruce Lee alikunywa mchanganyiko wa unga wa maziwa, mayai, ndizi na siagi ya njugu. Mimi nina githeri, mayai mama akipata, na njugu za shilingi kumi pale langoni. Sijaona tofauti kubwa.

Pia nimenunua daftari. Ukurasa wa kwanza umeandikwa pushapu 4 za sakafuni. Wiki iliyopita niliandika 22. Nimejifunza kupasha mwili moto kila siku hata nikiwa na haraka, kwa sababu aliyekuwa bora kuliko wote aliruka hatua hiyo siku moja na akalala miezi. Na mtu akinichokoza eti nifikishe 500, namwambia aanze yeye. Wengine hucheka. Wachache huja pembeni kuniuliza mkojo wa strungi ulikuwaje hasa, na hao ndio niliowaandikia makala haya. Kama umefanya zoezi jipya kwa fujo na siku mbili baadaye ukaona rangi hiyo, usione haya. Mwambie mzazi au mwalimu siku hiyohiyo.

Bruce Lee alikuwa mtoto dhaifu mwenye miwani, akajenga mwili ambao watu wanauning'iniza ukutani zaidi ya miaka 50 baada ya yeye kufa. Aliujenga kidogo kidogo, siku moja akaubomoa kwa haraka, kisha akaujenga tena kidogo kidogo. Bandu bandu humaliza gogo. Hii nayo nilikuwa naiandika tu kwenye insha.

Bado naitwa Njiti. Tumboni nina mistari miwili, na hiyo miwili ni mpaka nivute pumzi na mwanga utoke upande mmoja. Mama alirudi kwenye foleni ya chama na zamu yake itafika mwezi wa Novemba. Nimemwahidi kwamba safari hii pesa zote zitaenda shuleni.